Kaboga Kenye Sikuonja

Rafiki yangu, kuja karibu kidogo. Nakuita rafiki hata kama sijaona uso yako, juu hii habari haiambiwake mutu wa njia. Inaambiwa mutu mwenye ninaweza kuenda kwake asubui kuomba makala ya moto bila kubisha. Mwezi yenye ilipita tulizika Mama Sifa kule Kanyaruchinya. Kwetu, mama muzee akikufa, biti binakosa, batu banaikala juu ya mawe mpaka ku njia. Pale, biti bilibakia. Niliikala mu mustari ya nyuma, na mbele yangu bamama babili balikuwa banasema na sauti ya chini, ile ya chini yenye kila mutu anasikia. «Si njo ule wa Mugunga?» «Njo yeye. Mutu wa karuho.» Karuho, njo vile siye tunaitaka sumu ya kutia mu chakula. «Angalia vile kilio yake iko baridi.» «Shii, mutoto wake atasikia.» «Asikie tu. Miye sitakula hapa, nimeachaka batoto ku nyumba.» Nilisikia na nilinyamaza, na ile kunyamaza haikuwa ya kwanza. Jina ya ule mama imechafuka miaka makumi mbili na zaidi, na mwenye aliichafua ni miye, Furaha, mama ya batoto sita, mwenye kuimba mu korale ya kanisa, mwenye kila mutu anaombaka amuombee. Kama sisemi sasa, atabakia nayo vile mu udongo.

Niliamuka niende nyuma ya nyumba, nikajifanya naenda kusaidia kupika. Sifa, mutoto wake, alikuwa anachuchumaa mbele ya mbabula ya makala, na karai ya tuboga tubichi, tule tudogo twa ngozi laini. Alitwaa kamoja, akakata kipande chembamba pale karibu na kikonyo, akakiweka ku ulimi, akafunga macho. Kisha akatema, akaanza kukata yote. Niliikala juu ya bidon ya maji, na ile mwaka yote ikarudia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Neema, mutoto wangu wa kwanza, alikuwa angali ku mugongo. Vile tulitoka Masisi sitasema. Mwenye alikimbia anajua, na mwenye hakukimbia Mungu amusaidie asijue. Nyumba yetu ya Mugunga, mu kambi ya bakimbizi, ilikuwa miti saba na bashi moja ya plastiki, mulango ni kikwembe, nguo ya kujifunga. Chini ilikuwa mawe ya volkano, na hata ukitandika majani ya ndizi, kila mutu alikuwa na jiwe yake yenye inajua mbavu yake. Mama-mukwe wangu, Mama Bahati, alikuwa anaikala ku kona yenye haivuje, na kafuko chini ya kichwa. Ndani ya kafuko mulikuwa kikwembe kimoja kipya chenye alikataa kuvaa. «Hii ni ya siku ya kurudia kwetu,» alikuwa anasemaka. Alikuwa mama wa maneno kidogo. Tangu nioleke mu ile jamaa, hakusema hata siku moja kama chakula yangu iko mubaya, hata siku yenye maharagi iliungua mpaka batu ba mulango ya tatu bakakohoa. Kwetu ni vile: mukwe akianza kulaumu chungu ya muke wa mutoto wake, anabomoa nyumba ya mutoto wake na mikono yake. Anakula, anasema asante, anapanguza midomo. Bwana yangu Bahati alirudia Masisi kuangalia kama kunabakia hata ng'ombe moja. Alisema siku tano. Tulihesabu tano, tukahesabu makumi mbili, kisha tukaacha kuhesabu mbele ya Mama.

Mama Sifa alikuwa jirani yetu, mama mufupi wa Rutshuru mwenye kucheka mbele maneno itoke. Alikuwa na Sifa tu, kasichana ka miaka munane. Pale kila mutu alikuwa anaona mawe, yeye aliona shimo kati ya mawe. Alikuwa anaenda kuchota udongo chini, mbali, na karai ku kichwa, anaumwanga mu shimo moja moja, na mu kila shimo anatia mbegu mbili za boga zenye alikuwa amefunga ku ncha ya kikwembe. «Batu bamekimbia na televizio,» aliniambia. «Miye nilikimbia na mbegu. Unisikilize, Furaha: umesha kuona televizio inatoa majani?» Nyuma ya mezi mbili, nyumba yake ilikuwa imefunikwa na bisusa, yale majani ya boga, mpaka bashi haionekane. Batu ba bloc, ile sehemu yetu ya kambi, balikuwa banamucheka kama anaikala ndani ya mboga. Kisha njala ilikuja, na bale benye balikuwa banacheka bakaanza kupita kwake kila jioni kumuuliza habari ya afia yake.

Yeye njo alinifundisha kupika. «Weye binti wa Masisi, maziwa na maharagi unajua, sibishe. Lakini boga? Kwenu munaingojaka izeeke, ikuwe ngumu kama kichwa ya prefe wa shule, kisha munaipiga na shoka.» Nilicheka mpaka Neema akaamuka. Akanionesha. Kaboga ka muzuri kako kama ngumi ya mukono, na ukikakandamiza na kucha, kucha inaingia bila kusukuma. Hakatolewe ngozi, ngozi njo inashika utamu. Unakapasula mbili, unatia mu sufuria na maji kidogo sana, kikombe kimoja, juu boga iko na maji yake ndani. Unafunika na majani yake yenyewe, unatia kifuniko, na juu ya kifuniko jiwe, mawe haikuwa inakosa. Saa hatukuwa nayo, tulikuwa tunapima na nyimbo za kanisa: tatu, bila kuruka mistari, na iko tayari. Unaponda na mwiko, chumvi, tone ya mawese kama iko. Siku yenye tulipata kitunguu, alikata tuboga vipande, akakaanga na kitunguu na fretin, tule tusamaki tukavu, zenye alisaga mu mikono, bila kufunika, «juu ukifunika, inalia, na siye tumelia ya kutosha». Mu maharagi, alikuwa anatia tuboga mwisho kabisa, pale maharagi inaanza kupasuka, juu ukitia mbele tunayeyuka na unabakia kutafuta kwenye tulienda. Na kwa batoto, alikuwa anatoboa kamoja na muti, anakazika mu majivu ya moto kakiwa kazima. Ngozi inakuwa nyeusi, unapasula, ndani ni kama maziwa. Neema alijifunza kufungua kinywa kwa ile. Mpaka leo, mutu akiniuliza kama mu ile mwaka mulikuwa furaha hata kidogo, naona uso ya Neema na majivu ku pua.

Lakini mbele ya yote, Mama Sifa alikuwa anasema, ulimi. Kila kaboga, hata kama umechuma kumi ku muti moja, unakata kipande chembamba, unaweka ku ulimi. Kama iko tamu ao haina ladha, pika. Kama iko uchungu, hata kidogo, tupa, na njala ilie. «Uchungu ya boga haiishake na chumvi, haiishake na moto, haiishake na maombi. Maombi ni ya bintu bingine.» Nilimuangalia mubaya, juu nilikuwa mutu wa maombi. Akanishika bega, akanipeleka nyuma, kwenye boga moja ilijiotea yenyewe karibu na choo, na matunda muzuri kushinda zote. «Hii yenye nilipanda najua mama yake. Ile ilijizaa, sijue baba yake ni nani. Usiiguse bila ulimi. Umesikia?» Nilisema nimesikia.

Wiki ya sita bila Bahati, Mama alishikwa na malaria. Ku hema ya baganga balimupa kinini, ile dawa ya malaria, na tangu ile siku kila kintu mu kinywa yake iligeuka nyongo. «Hata maji iko uchungu,» alisema, na alirudisha kikombe. Alikuwa anapunguka mbele ya macho yangu. Mu ile wiki, kikundi yetu ya bamama ba maombi ilitangaza siku tatu za kufunga juu ya bale bote benye habajarudia. Mama Debora, mwenye alikuwa anatuongoza, alisema: «Tangu mwangaza mpaka jua kuingia. Hata maji. Mwenye kupika apike, lakini asionje. Kintu isiguse ulimi.» Zile siku bloc yetu ilikula chakula bila chumvi ao na chumvi mara mbili, na banaume balikuwa banapiga kelele ku njia: «Leo bibi yangu amepika na Roho!» «Wangu amepika na bahari!» Batu balicheka. Miye nilifunga kama mutu mwenye anashikilia kamba juu ya mutu mwingine mu shimo. Nilijiambia: nikiachilia kidogo tu, Bahati anaanguka.

Siku ya pili, Mama alisema anasikia njala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kinini. Nilikimbia kwa Mama Sifa. Sifa aliniambia mama yake ameenda kufula nguo. Mama yake alikuwa ameniruhusu kuchuma kila saa, basi niliingia. Zenye alipanda, nilikuwa nimezimaliza jana yake. Zilibakia tu za ukubwa wa kidole. Kule karibu na choo zilikuwa tatu, zinaangaza, ukubwa wa ngumi. Nilisimama. Neno yake niliikumbuka, sitakudanganya kama niliisahau. Nilichuma zote tatu, nikaenda nazo nyumbani, nikakata kipande chembamba pale ku kikonyo, nikakiinua mpaka hapa, ku midomo. Mama Debora alikuwa anapita mbele ya mulango. «Furaha! Usivunje, mwenzetu! Bahati eko njiani!» Nilishusha mukono. Niliwaza: nikionja, na Bahati akikufa kule, ni miye nimemuua. Hakuna mutu alinisukuma. Nilitia ile kipande mu sufuria pamoja na zingine, nikafunika na majani, nikaimba nyimbo tatu.

Nilimupa Mama mu sahani ya bati, muvuke ingali inatoka. Alikula mara mbili, akasimamisha mukono.

«Furaha.»

«Ndiyo, Mama.»

«Hii boga iko uchungu.»

«Ni kinini, Mama. Si ulisema hata maji iko uchungu?»

«Nilisema.»

«Basi kula, ujipe nguvu. Bahati akikuja, akukute umesimama.»

Aliniangalia. Midomo yangu ilikuwa imekauka na kufunga, na aliona. Alitikisa kichwa kama mutu mwenye anaomba musamaha. «Kweli, ni kinini,» alisema. Alitia kidogo ku kidole, akampa Neema. Neema alitema, akalia na mikono juu. «Huyu anapenda tu ziwa ya mama yake,» Mama alisema, akacheka, ya mwisho yenye nilisikia. Alikula yote. Alipanguza sahani na kidole mpaka ikaangaza, akanirudishia na mikono mbili, akasema asante mwanangu.

Mbele ya saa kenda ya muchana, alianza kutapika, kisha ikawa juu na chini. Tulimubeba na kikwembe mpaka ku hema ya baganga, bakamutia serome ku mushipa. Jua ilipoingia balinituma nimuletee nguo. Nilikuwa sijakula tangu asubui, sufuria ilikuwa pale, na kidogo chini. Kufunga kwa ile siku kulikuwa kumeisha. Nilitia kidole, nikalamba. Rafiki yangu, ulimi wangu ilijikunja. Ilikuwa uchungu kama nyongo ya kuku, uchungu yenye inapanda mpaka mu masikio. Nilitema, nikakwangua sufuria, nikaenda kumwanga mu choo, nikasugua na majivu mara tatu. Kisha nilipeleka nguo ku hema, na muganga alipouliza «Amekula nini?» nilisema «Boga,» nikaangalia chini. Sikusema boga ya namna gani. Labda haingesaidia, mwili yake ilikuwa imeisha na malaria. Ile «labda» njo mutu mwenye nimeikala naye mu nyumba moja mpaka leo. Asubui Mama alikufa. Tulimuvalisha ile kikwembe ya kurudia kwetu.

Ku kilio, bamama baliniuliza. «Alikula nini?» «Boga.» «Ya nani?» «Ya Mama Sifa.» Basi, ni ile tu nilisema, na yote ilikuwa kweli. Haikupita siku, batu balikuwa banasema yale maboga haiwezi kuota juu ya mawe bila kintu. Moja alikumbuka mutoto mwenye alikufa mu mwezi ya kwanza. Mwingine alisema: «Mutu anakupa chakula kila siku, haombe kintu, weye huogope?» Nilikuwa ndani ya nyumba, Neema ku ziwa, siku balikuja kungoa shamba yake. Majani ya boga ikingolewa inalia kama nguo inapasuka. Nilisikia mpaka shimo ya mwisho, na sikutoka.

Mama Sifa alikuja kwangu ile jioni, udongo ingali ku mikono. Hakuikala.

«Furaha. Ulionja?»

«Nilionja.»

«Ulichuma wapi?»

«Kwenye ulipanda.»

Kisha akashika muguu ya Neema, akaifinya kidogo, akaiacha. «Basi,» alisema. «Sawa.»

Siku ya ine nyuma ya kuzika, Bahati alirudia, mwembamba, na kiatu kimoja. Siku ya Mungu balinisimamisha mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Nilisema vile nilifunga siku tatu bila kintu kugusa ulimi wangu, na Mungu alinirudishia bwana. Batu balipiga mikono, bamama balilia. Mama Sifa alikuwa ku benchi ya mwisho. Aliposikia ile ya ulimi, aliinua kichwa, akatuangalia, miye na Bahati, kisha akashika Sifa mukono akatoka polepole, bila kupiga mulango. Ile wiki balihama kuelekea Kanyaruchinya, yeye na bidon, Sifa na mukeka.

Sasa niko na nyumba ya mbao kule Ndosho, na Neema eko na batoto bake. Mara mbili nilimuona Mama Sifa ku soko, na mara mbili nilijificha nyuma ya mashu, zile kabeji, mpaka apite. Nimefunga mara mingi tangu ile mwaka, na ninaamini kufunga. Lakini mu nyumba yangu mwenye kufunga hapikie mutu. Mwaka jana nilianza masomo ya jioni ya bamama, na mwalimu alisema: «Andikeni kintu yenye munajua kufanya na mikono.» Niliandika namna ine ya kupika tuboga. Alisoma, akasema: «Mama, iko muzuri. Lakini umeandika ‘onja mbele’ mara tatu. Moja inatosha.» Nilirudisha kayee, ile daftari yangu, mu mufuko bila kufuta hata moja.

Basi, kule nyuma ya nyumba, niliikala juu ya ile bidon, nikasema: «Sifa, miye ni Furaha wa Mugunga.»

«Nilikujua tangu ku mulango.»

«Mama yako hakuua mutu. Nilichuma ile ya choo. Nilikuwa nafunga, sikuonja. Kisha nilimudanganya ku uso.»

Hakuacha kukata. «Alijua.»

«Alijua?»

«Ile siku mama-mukwe wako alikufa, alienda kuangalia ile ya choo. Zilikuwa tatu, hakukubakia hata moja. Batu balipotusema, nilimuambia, Mama, enda useme! Akasema: ule mutoto alifunga juu ya bwana yake. Batu bakijua, batamufukuza na katoto ku mugongo. Siye tuko babili, na tunajua kutembea.»

Nilipiga magoti pale mu moshi. Nilimuomba anisamehe. Aliniangalia na macho ya mama yake, lakini bila kucheka.

«Miye unaniambia juu ya nini? Miye najua mama yangu. Enda useme kwa bale ba mbele, benye banakataa kula.»

Tuboga tulipoiva, alinipa sahani moja. Nilienda nayo mbele, nikasimama, nikasema yote vile nimekuambia. Hakuna mutu alipiga mikono. Kisha nilikula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa tamu. Moja wa bale bamama babili alinyoosha mukono, akatwaa sahani. Mwingine alifunga kikwembe yake akaenda.

Ule mwenye alienda njo ananisumbua. Ile kilio ilikuwa na batu labda kumi na tano, na uongo yangu imetembea miaka yote, imepita Mugunga na Munigi, imepanda chukudu, ile baiskeli ya mbao, mpaka Masisi, imeingia mu nyumba zenye sitafika na hii miguu yangu. Kwa ile njo nakuomba, rafiki yangu, unisaidie kutembea. Ukikuwa mbele ya mbabula na jirani, ku soko, ku kilio, sema hii habari. Onesha vile banakata kipande chembamba ku kikonyo, vile banaweka ku ulimi na kufunga macho, hata kama banafunga, Mungu hatakasirika. Na mutu akikuuliza nani alikufundisha, usiseme ni Furaha. Sema ni Mama Sifa.